Pazia la Tsotne

Jumamosi, saa nne asubuhi. Funguo ziko kwa Nodari,
na Nodari, kama kawaida, yuko kwa kinyozi.
Tunamsubiri nje ya ukumbi wa kiwanda cha viatu kilichokufa,
watoto kumi na tisa, mama watatu, mbwa asiye na mwenyewe,
na mvua ya Kutaisi, isiyonyesha wala isiyokoma.

Mwaka wa kwanza nilikuwa na jukwaa.
Jukwaa kwelikweli: mbao za mwaloni, vumbi la miaka arobaini,
na ngazi tano za kulipandia.
Rezo alimbeba binti yake mikononi, ngazi tano,
akarudi kukibeba kiti, magurudumu yakimchafua shati.
Tukapiga makofi. Mimi pia, Mungu anisamehe.
Tekle akangoja makofi yaishe.
"Mimi si gunia la viazi," alisema.
"Na mnanishangilia nini? Sijaigiza bado."

Usiku ule sikulala. Nilipiga hesabu ya mteremko,
ya seremala anayetaka nusu kwanza,
na kibubu chetu kina sarafu na risiti ya gundi.
Asubuhi nikampigia simu, nikamwuliza yeye
swali nililopaswa kuanza nalo: tufanyeje?
"Wapandisheni watazamaji," alisema, mkate mdomoni.
"Miguu si wanayo?"

Basi tukaipindua nyumba.
Sakafu ikawa yetu, jukwaa likawa lao.
Bibi yake Gvantsa, mwenye magoti mabovu,
alibaki chini nasi, akawa mlima.
Ni mlima mzuri. Husinzia.

Gvantsa hasikii. Anatufundisha vidole:
mkate, mto, nyamaza, nakupenda ila nimechoka.
Siku hizi mazoezini wananisengenya kwa mikono
nami najifanya sioni.

Ilia ana kigugumizi. Tulimpa awe mto, maana maji nayo
hujikwaa kwenye jiwe, huzunguka, huanza upya.
Nilijiona nina akili.
Aliniandikia karatasi: "Usinipe kitu kinachofanana na mdomo wangu."
Alitaka kuwa polisi wa barabarani, mwenye filimbi.
Sasa tuna mto wa shuka za bluu, na polisi anayeuongoza.

Tsotne ana miaka kumi na minne, hajatamka neno humu.
Mwezi mzima alikaa ndani ya pazia,
amejiviringisha mahameli kama mtu aliyevaa nyumba.
Hatukumtoa. Tuliweka kigoda karibu, na biskuti.
Juma moja biskuti ikaliwa. Juma jingine pazia likasogea.
Tangu hapo kamba ni yake, na asiguse mtu.

Ofisi ya mji ilituletea fomu:
watoto wa kawaida wangapi, wenye mahitaji maalumu wangapi?
Visanduku viwili. Nikatafuna kalamu.
Lado hawezi kukumbuka maneno akiwa na njaa.
Mimi siwezi kuwa mtu kabla ya kahawa.
Nikapiga mstari juu ya vyote viwili, nikaandika: kumi na tisa.
Fedha hazijaja hadi leo.

Usiku wa onyesho watu walipanda zile ngazi tano,
wakakaa gizani nyuma ya pazia, wakinong'ona
kama wanafunzi waliochelewa darasani.
Tsotne akavuta kamba.
Na wao ndio waliofunuliwa:
mababa na makoti yao, diwani na simu yake,
taa zikiwapiga usoni, hawajui mikono waiweke wapi.
Tuliwatazama.
Tekle akangoja; kungoja anakujua.
Kisha akasukuma magurudumu hadi katikati ya mto, akaanza.

Mchezo uliisha. Pazia halikufunga.
Tsotne ameishika kamba, anawaangalia,
mmoja baada ya mwingine, bila haraka.
Dakika moja. Mbili. Mlima ukakohoa.
Nodari akatikisa funguo mlangoni, diwani akainuka nusu.
Ilia akapuliza filimbi, akanyoosha kiganja:
kaeni.
Wakakaa.