Kilo Kumi na Tano

Tiketi ya ndege ndogo inasema kilo kumi na tano, mkoba na begi pamoja.
Nimeazima mizani ya Mama Chilongola, ile ya kupimia zabibu,
nimeitundika kwenye fremu ya mlango,
na begi linazunguka polepole
kama mbuzi aliyechunwa mnadani Msalato.
Kumi na sita na nusu.
Kitu kimoja kibaki Dodoma.

Natandika kanga kitandani, nazilaza lenzi mbili.
Hii pana, milimita kumi, jicho limetokeza,
humeza ukumbi mzima: viti, mapambo, shangazi aliyesinzia.
Hii ya karibu, milimita mia,
niliinunua kwa fundi saa aliyefunga kibanda chake Majengo.
Inahesabu nywele za mguu wa nyuki.

Shaweji, atakayenizamisha huko Mafia, anacheka kwenye simu.
"Maji ni mlafi, dada. Yanakula rangi,
na yanaanza na nyekundu. Mita tano tu, kanga yako kijivu.
Kwa hiyo sogea. Ukidhani umesogea, sogea tena.
Na papa potwe ana urefu wa basi,
utamweka wapi bila lenzi pana?"
Namwambia nimesikia.
Sijawahi kuzama kwenye kitu
isipokuwa madeni, na bwawa la hoteli, masomo manne,
nilipofundishwa kupumua upya nikiwa na miaka arobaini na moja.

Jioni najaribu kasha.
Naipaka grisi pete ya mpira, naikagua kwa ncha ya kidole,
natafuta vumbi.
Dodoma, Agosti, mtu anatafuta vumbi!
Liko kwenye kope. Liko kwenye grisi yenyewe.
Punje moja ya Makole ikikaa pale
inatosha kuikaribisha bahari ndani ya kamera.
Naweka karatasi ya chooni, nafunga,
nazamisha kwenye pipa la bluu, mkono hadi begani.
Robo saa. Karatasi kavu.

Sasa kamera, na ile pana.
Mama anatoka jikoni na sufuria.
"Maji hayo ni ya mpaka Alhamisi."
"Naazima tu, mama."
Anainama kuona mwanawe anatafuta nini humo,
nami, kioo kikitazama juu, nabonyeza:
uso wake, mdomo wa pipa, kamba ya nguo,
mbingu yote ya Makole imepinda pembeni.
Vyote vimeingia. Vyote vidogo.

Nabadilisha.
Ile ya karibu haimwoni mama kabisa.
Inaona kiluwiluwi cha mbu, kimoja,
kimening'inia chini ya ngozi ya maji
kama koma iliyopotelewa na sentensi.
Mama anavaa miwani, anakitazama kwenye kioo cha kamera,
anakitazama tena.
"Na hiki tumekuwa tukikinywa?"

Saa mbili usiku anaingia Ndahani, mdogo wangu, na helmeti mkononi.
"Jumamosi sendofu ya Sechelela, Nkuhungu, watu mia tatu.
Ukoo mzima nitaupiga na nini?
Nikirudi nyuma natokea barabarani."
Nakaa kimya.
Malipo ya awali ya Sechelela
ndiyo tiketi yangu.

Basi. Pana inabaki, na kuba lake la kioo.
Mizani inasema kumi na nne na robo;
naongeza pakiti ya zabibu kavu za Shaweji,
atakayenicheka mbele ya boti nzima:
mwanamke wa bara, amemfuata samaki mkubwa kuliko basi
na jicho la kuhesabia nyuki.

Sitampata mzima, najua.
Nitasogea. Nikidhani nimesogea, nitasogea tena,
mpaka nipate shubiri moja ya ubavu wake,
madoa meupe juu ya giza.
Nayafahamu madoa hayo,
ila kwetu yamegeuzwa, kama negetivu za studio za zamani:
Desemba, uwanja wetu mweupe kwa vumbi,
matone ya kwanza meusi, moja hapa, moja kule,
bado hayajagusana,
na mama bado hajapiga kelele kuhusu nguo kambani.