Kufuli Lisilo na Tundu

Baba yangu, Velichko, huchonga funguo
katika kibanda cha mlango mmoja, mtaa wa mteremko, Plovdiv.
Miaka thelathini na minne ameiinamia mashine ileile,
vumbi la shaba likimkaa kwenye nyusi kama chavua.
Akisikiliza kitasa hufumba macho:
pini ya kwanza, ya pili, ya tatu,
chuma kikimnong'oneza kwa sauti ya mende
anayetembea juu ya karatasi.

Huwagombeza wateja.
"Nani kakufundisha kuficha ufunguo chini ya zulia?
Mwizi naye kwao ana zulia."

Lakini nywila yake ilikuwa Sharo1961:
jina la mbwa, mwaka aliozaliwa yeye.
Sharo1961 benki, Sharo1961 barua pepe,
ufunguo mmoja, milango yote,
na mbwa mwenyewe huitwa kila jioni, mtaa mzima ukisikia.
Mganga hajigangi.

Jumanne ya Novemba, theluji ya kwanza ikisitasita,
ilikuja ankara ya muuza shaba wa Gabrovo.
Jina lake sahihi. Salamu zake zilezile.
Kwenye anwani tu, herufi l ilikuwa imevuliwa
na tarakimu 1 ikavishwa koti lake.
Baba akabofya.

Mafaili yakafungwa moja moja, kimya,
kama madirisha ya mtaa maiti inapopita:
madeni, oda, kodi ya robo mwaka,
picha za mama akicheka na bakuli la pilipili za kuchoma.
Kisha kioo kikaandika: lipa,
una saa sabini na mbili.

Alinipigia. Hakusema ameibiwa.
Alisema, "Ralitsa, hili kufuli halina tundu.
Nimeweka sikio kwenye kioo. Sisikii kitu."

Chomoa waya wa mtandao, nikamwambia. Usilipe. Usiguse.
Nikapanda treni ya usiku kutoka Burgas
nikiomba ile diski niliyompa Krismasi
isiwe imegeuzwa kizuizi cha mlango.

Ilikuwa ndani ya bati la biskuti, katikati ya skrubu.
Nakala ya mwisho: tarehe tisa Agosti.
Basi tulirudishiwa maisha mpaka tarehe tisa Agosti.
Vuli yote ilikwenda.
Kodi tuliiandika upya kwa kukumbuka na kugombana.
Picha za mama ni za zamani; zilikuwemo.
Baba alizihesabu mara mbili, akatoka nje kuvuta sigara,
ingawa sigara aliiacha mwaka aliomzika.

Nilimwambia: sasisho unaloliambia "baadaye" kila asubuhi
ni mafuta ya kitasa.
Akanyamaza. Hilo alilijua.
Nikamwambia: nambari inayokuja kwenye simu ukiingia benki
ni komeo la ndani.
"Sasa kwa nini hukusema komeo tangu mwanzo?"

Kisanduku cha intaneti kilikuwa bado na nywila ya kiwandani,
imebandikwa chini yake
kwa yeyote mwenye shingo ya kuinama.
Hiyo aliibadilisha mwenyewe, kwa hasira.
Siku hizi, kila Ijumaa akifunga duka,
huchomeka diski, husubiri, huchomoa,
huipeleka nyumbani mfukoni mwa koti.

Tukachagua na neno la familia, la kuulizana simuni,
maana siku hizi hata sauti huchongwa nakala.

Machi simu yangu ilitumbukia baharini.
Pochi ilikuwa ofisini, ofisi imefungwa.
Nikaazima simu ya mtu kituo cha basi.
"Baba, ni mimi. Nimekwama, nitumie nauli kwa namba hii."
"Neno?"
Nilikuwa nimelisahau.
"Baba, ni Ralitsa. Sauti yangu unaijua."
"Sauti naijua," akasema. "Neno?"
Kisha akakata.

Mwenye simu akaniuliza kama ni msiba.
Nikatembea kilomita nne, mvua ikijaa viatuni,
nikicheka peke yangu kama aliyerukwa na akili.
Kwenye daraja la reli neno likanirudia.
Silisemi.