Mkwaruzo

Bampa lilikwaruzika upana wa ukucha.
Hilo wamelilipa.

Gari limewabusu tu, alisema trafiki pale Mabatini.
Busu hilo, miezi mitano, bado lipo shingoni.

Picha ya Bugando: mifupa imenyooka.
Bwana Lugembe wa bima: geuka kushoto, mama.
Nageuka mwili mzima, kama kabati linalohamishwa.
Anaandika.

Kisha ananionyesha simu. Mwaloni Kirumba,
beseni la dagaa kichwani.
"Huyu nani?"

Ni mimi. Jumanne. Ada ya Mhoja mwisho ilikuwa Jumatano.

Sasa, bwana, njoo upige na ya saa nane usiku,
nikikishika kichwa kwa mikono miwili,
nikikitua taratibu
upande wa pili wa mto.