Teke

Trygve amezilaza tatu juu ya kaunta,
juu ya gazeti la juzi, mafuta yasichafue kioo,
ananitajia bei kabla sijauliza.
Jina langu limetoka kwenye kura mwaka huu:
dubu mmoja, Novemba, kibali kimo mfukoni kimelowa pembe.
Nje mvua ya Kodiak inanyesha kwa ubavu.

Ya kwanza ni kubwa. Mdomo wake
unameza ncha ya kidole changu cha mwisho.
"Hii inaangusha tembo," anasema.
Trygve, kisiwani kwetu tembo yuko kwenye kalenda.
"Lakini dubu akikujia..."
Najua dubu anavyokuja.
Haji kama wa kwenye mabango, wima, mikono juu.
Huja chini chini, masikio yamelala,
kama gogo kwenye mto uliofurika,
na vichaka ninavyovihangaikia nusu saa kwa shoka
vinamfungukia.

Mjomba Nikifor alikuwa na bunduki kama hii.
Aliinunua msimu ule samoni walipolipa,
akalilenga pipa ufukweni, mara moja tu.
Pipa halikuguswa. Bega lake likawa rangi
ya beri tunazochuma Agosti,
na wiki nzima alikunywa chai kwa mkono wa kushoto
huku akiisifu.
Bega lilisahau. Jicho halikusahau.
Siku ilipofika, kule kijito kinapoingia baharini,
nilikuwa hatua sita nyuma yake, miaka kumi na tisa, nimebeba ndoo.
Niliona shavu lake likijikunja,
nikaona kope zikishuka
kabla ya kidole.
Alipiga jabali.
Mlima ukairudisha sauti mara tatu;
dubu akasita, akatutazama
kama mwenye nyumba anavyowatazama waliokosea mlango,
akaenda zake.
Njia nzima ya kurudi mjomba alinibebea ndoo.
Hakuisifu tena.

Ya pili ni nyepesi, nyeusi yote, kitako cha plastiki,
haijui kutu, na darubini yake
ingenionyesha mashimo ya mwezi.
Mwezi wa nini, vichakani?
Vichakani umbali ni kutoka hapa hadi kwenye mashine yako ya kahawa.
Karibu hivyo, ndani ya kioo, dubu ni manyoya matupu,
ukungu wa kahawia.
Ukungu unaulenga wapi?

Ya tatu imewahi kuwa ya mtu.
Kitako cha mti, mkwaruzo mrefu wa waya,
na pale pa kulaza shavu pameng'aa
kama kizingiti cha kanisa letu.
"Mjane wa Zakhar kaileta, yule wa ghuba ya pili."
Nafumba macho, hapa dukani inaruhusiwa,
naipandisha begani, ndipo nafumbua:
chembe ya mbele imekaa katikati ya pete ya nyuma
kana kwamba ilinisubiri.
Navuta komeo, narudisha.
Mlio wa kijiko ndani ya kikombe.
Navaa glavu zangu zilizolowa, nafanya tena.
Na tena.
Trygve ameacha kuongea.

"Kwa dubu," anasema mwishowe, "ni ndogo kidogo."
Hata mimi.
Nipe na risasi, maboksi matano.
"Matano? Kwa dubu mmoja?"
Dubu ni wa risasi ya mwisho. Hizo nyingine
ni za pipa, za mvua, za asubuhi yenye njaa,
hadi bega lizoee kusukumwa
na kope zangu zisiwe na habari.

Nahesabu noti, nyingine bado zinanuka samaki.
Mkanda wa ngozi una tundu la ziada,
limetobolewa kwa msumari. Linanitosha.
Mlangoni nageuka, mdomo wazi,
naye ameshalijua swali.
"Kitandani," anasema. "Miaka themanini na minne."

Navuta kofia.
Mvua ni ile ile.