Koti la Marehemu

Waliletwa kwangu wanne, vitanda viwili,
wiki ya tamasha, Bagamoyo imefurika.
Nikawapikia mihogo ya nazi, chumvi ikazidi.
Wakala, wakasifu.
Ndio waigizaji.

Usiku wa pili Mapunda, kijana wa Songea:
"Mama, mimi ndiye karani, sina vazi."
Nikafungua sanduku.
Miaka sita koti lile halijaona jua.

Jukwaani likatembea.
Likakohoa, likadai kodi, likazomewa,
na Dunda nzima ikacheka,
hata Bi Mwanakheri, anayenidai elfu ishirini.

Asubuhi akalirudisha, limekunjwa vizuri,
lina jasho la mtu.
Mfukoni kaacha tiketi na noti mbili.
Noti nimempelekea Mwanakheri.

Koti sijalifua.