Kikao cha Alhamisi

Mimi ni karani. Kazi yangu ni kuandika
nani kasema nini, na nani kanyamaza.
Chumba kiko juu, jengo la zamani, Bombo;
feni moja inazunguka, nyingine inatazama.
Faili la leo: Semboja, Athumani. Miaka hamsini na miwili.
Fundi baiskeli, Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani.
Saratani kwenye sanduku la sauti.
Miezi saba alidhani ni mafua ya vumbi.

Daktari Kaoneka ana mikono ya haraka:
"Tukate Jumatatu, kabla pumzi haijaziba."
Kessy wa maabara: "Kinyama mlichonipa
ni punje ya ulezi. Nipeni siku mbili nisije nikaapa uongo."
Mchome wa meno: "Magego manne yameoza.
Mkimchoma mionzi na meno hayo, taya litakufa baadaye,
na mtaniletea mimi."
Wa mionzi yuko Dar, yumo ndani ya simu
iliyoegemezwa kwenye birika la chai.
"Mnanisikia?" Tunamsikia nusu.
Na Tatu wa lishe, kalamu mdomoni:
"Mwezi uliopita kilo hamsini. Leo arobaini na tatu.
Mnabishania kisu, mwenzenu hamezi hata uji."

Nikaandika mpaka kidole kikauma.
Shingo moja, na kila mtu kaishika pake:
huyu jino, huyu kivuli cha kwenye picha,
huyu mizani.

Ndipo Sista Ngoda, aliyesimama mlangoni
kwa kuwa viti vilikwisha:
"Yuko nje kwenye benchi tangu saa moja.
Kuna aliyemwuliza?"

Tukaisikia feni.

Akaingia, kofia mkononi.
Sauti hana; ana mluzi mwembamba kifuani.
Akaomba kalamu yangu, akageuza fomu,
akaandika kwa herufi za mtu
aliyezoea kuandika madeni ukutani kwa chaki:

*Ringi ikipinda, hukazi spoki moja hadi mwisho.
Itapindia upande wa pili.
Hii unakaza robo, ile unalegeza robo,
unazungusha, unatazama, unarudi.
Mimi nimepinda. Kazeni.
Ila mniambie zamu ya nani.*

Akafikiri. Akaongeza chini, kwa herufi ndogo:
*Je, nitaweza kumwita kijana aniletee spana?*

Kaoneka akatazama dirishani.
Aliyejibu ni Lugendo, mwalimu wa kumeza na kusema,
ambaye kwa Alhamisi tatu jina lake
nililiandika kwenye mahudhurio tu:
"Utaita. Si kwa sauti ile, ile itakwenda na kisu.
Tutaitafuta nyingine kwenye njia ya chakula.
Ya mikwaruzo. Haiji upesi, nami sitachoka."

Kumbukumbu namba sita.
Meno kwanza, kesho Ijumaa.
Mpira wa kulishia papo hapo, asilazwe usingizi mara mbili.
Maabara, Jumamosi.
Kisu Jumatano, si Jumatatu
(Kaoneka aliimeza Jumatatu yake kama klorokwini).
Mionzi, kidonda kikifunga, kabla ya wiki ya sita.
Nauli ya Dar: Sista na mtu wa ustawi.
Sauti: Lugendo.
Kikao kilifungwa saa sita na robo. Chai ilikuwa imepoa.

Sitaandika kwamba amepona.
Karani haandiki lisilofika mezani,
na faili lake bado liko kwenye rafu ya walio hai na tarehe.

Ila mwezi wa Ramadhani nilipiga shimo pale Mkwakwani,
gurudumu la mbele likawa linacheza kama mlevi.
Nikalikokota hadi Barabara ya Kumi na Nne.
Alikuwapo, leso nyeupe imefunika tundu la shingo.
Akameza hewa, akaikunja, akaitoa:
"Mbwana. Spana."
Mnyororo usio na grisi.
Kijana akaleta pampu.
Akagombezwa, neno kwa neno, kwa sauti ileile mpya,
na hakuna aliyecheka.

Robo. Akazungusha. Akatazama. Akarudi.

Kisha akanitoza bei ya mtu wa serikali.