Usifute

Saa nane usiku, Kisumu, ghorofa ya tatu.
Wadudu wa ziwani wamejaa kwenye kioo cha dirisha
kama unga uliopeperushwa.
Nimezima taa, wakapenya, wakahamia kwenye skrini.
Wanataka mwanga tu, hawana kisa na mtu.

Nafungua kumbukumbu za seva: huko nako ni vilevile.
Mlango wa ishirini na mbili umegongwa
mara elfu nne tangu jioni.
Mmoja kajiita mkuu, mwingine mgeni,
mwingine anajaribu majina ya wasichana, moja baada ya jingine,
kama mlevi aliyesahau nyumba yake.
Hakuna aliyepiga hodi.

Humu ndani mna pesa za mpunga wa Ahero,
magunia ya Dorsila, deni la mbolea la Dorsila,
alama ya kidole chake mahali pa sahihi.
Yeye hajui kuna mlango.
Anajua Ijumaa simu itatetemeka.

Naandika amri. Nywila sizitaki tena, funguo pekee.
Cheti kilichobakiza siku tatu, nakihuisha.
Mlango nauhamisha; namba yake siitaji hata hapa.
Na dirisha la pili naliacha wazi,
maana Olweny alinionya:
usijifungie nje ukidhani umefunga ndani.
Yeye alijifungia, mwaka wa mafuriko.
Ikabidi avuke Nyando, suruali shingoni,
kibodi kwenye mfuko wa nailoni,
akaandike neno moja, arudi.

Sasa orodha ya funguo. Mistari sita.
Wa tano mrefu, herufi zisizosomeka, fujo tupu,
na mwishoni, kwa lugha ya watu:
*olweny, usifute.*

Olweny tulimzika Septemba, Nyakach,
mvua ikipiga hema hadi mahubiri hayakusikika.
Lakini kumbukumbu zasema aliingia Jumanne.
Saa tisa na dakika kumi. Amekubaliwa.
Akakaa sekunde nne, akatoka.
Na Jumanne ya kabla yake.
Na ile nyingine.

Najua, najua. Ni ile kompyuta yake kuukuu,
shemeji kaiuza Kibuye, au bado iko mezani, imechomekwa,
na kazi aliyoipangia kila wiki
haijapewa habari.
Najua. Vidole ndivyo vimegoma.

Ufunguo wa marehemu ni ufunguo kama mwingine.
Anayeushika leo huenda ni mtoto, huenda ni mwizi,
na pesa ya Dorsila haijui msiba.
Herufi *d*, mara mbili. Mstari umetoweka.
Bado ningeweza kuurudisha.
Nikahifadhi.

Jumanne hii nilibaki ofisini, chai imeota utando, nangoja.
Saa tisa na dakika kumi:
amekataliwa.
Akajaribu tena.
Amekataliwa.
Akabisha mara ya tatu, kisha akaenda zake,
kama mtu aliyelelewa.